Ukano Mpya si Goti Jipya

Sisi walimu wa Kiswahili hujivunia wingi wa majina ya maungo ya mwili yaliyomo katika lugha yetu. Hata hivyo, yapo maneno mawili ambayo sisi wenye asili ya Kudha tumeyaona yakimpotosha mgonjwa. La kwanza ni "kupona". La pili ni "baridi yabisi".

Kudha ni kisiwa cha Wabajuni, katika pwani ya Somalia, kusini ya Kismayo. Riziki ya huko hutoka baharini, na kazi ya bahari ni kazi ya magoti: kusukuma mashua, kuchuchumaa penye nyavu, kupiga mbizi. Tangu vita vya mwaka 1991 wengi wetu tumetawanyika hadi Mombasa, Lamu na hata Uingereza. Mpwa wetu mmoja, aliyelelewa Mombasa, alikatika ukano wa ndani ya goti akicheza kandanda. Madaktari walimpasua, wakamtilia ukano mwingine uliotolewa katika mguu wake mwenyewe. Mwaka ulipotimia alirudi uwanjani, na jamaa wakamshukuru Mungu kwamba amepona. Baada ya miaka 12 goti likaanza kuvimba na kukakamaa kila asubuhi. Wazee wakasema ni baridi yabisi. Akachuliwa kwa mafuta na kuagizwa atulie kitako.

Upasuaji huu si jambo geni. Mwaka 1895, mjini Leeds, daktari Mayo Robson alizishona kano za goti zilizokatika. Na mwaka 1917, mjini Bristol, daktari Hey Groves aliunda ukano mpya kwa utando uliotolewa pajani. Ufundi umeendelea sana tangu hapo. Lakini takriban nusu ya watu walioumia hivyo huonekana gegedu zao zimelika baada ya miaka 10 hadi 20, na upasuaji haujathibitika kuwa kinga ya hayo.

Sababu yake ni hii. Saa ile ukano ukatikapo, mifupa hugongana na gegedu hupondeka. Aghalabu hupasuka pia vile vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, vinavyopokea uzito wa mwili. Gegedu haina mishipa ya damu ya kutosha, kwa hiyo haijiungi upesi kama mfupa. Wazee wetu walioijua mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi bila misumari, wangelifahamu jambo hili mara moja: kamba ikikatika hushonwa nyingine, lakini ubao uliokwisha kupondeka haurudi kuwa mpya kwa sababu ya kamba.

Basi tazameni kazi ya jina. "Yabisi" ni ukavu na ugumu. Lasema kweli juu ya dalili. "Baridi" ndiyo itupotezayo. Mtu aambiwaye kuwa adui yake ni baridi hujifunika na kuketi. Akiketi, msuli wa paja hunyong'onyea, na goti hukosa mhimili wake mkubwa.

Mpwa wetu alipopelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliagizwa kinyume cha kutulia: autie nguvu msuli wa paja, aogelee, aendeshe baiskeli, na apunguze unene, kwani kila kilo moja impunguayo mtu huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Siku goti livimbapo husali juu ya kiti, kama sheria imruhusuvyo mgonjwa. Kandanda ameiacha, kwenda baharini hakuacha. Vijana wanaopasuliwa sasa huwaambia wasirudi uwanjani kabla ya miezi 9, na kwamba hata wakirudi mazoezi hayaishi.

Yatupasa basi tuwafundishe wanafunzi wetu maneno "ukano" na "gegedu" kwa tofauti zake, na tuseme "kulika kwa gegedu" pale ambapo ndiyo maradhi yenyewe. Na juu ya goti lililopasuliwa, tuseme mgonjwa amepata nafuu. Nafuu hutunzwa, aliyekwisha kupona hujiona hana tena la kutunza.