Kidoli cha Jichoni

Kiingereza kinaita mboni na mwanafunzi kwa neno moja: pupil. Maana zote mbili zimetoka Kilatini. Pupilla ni kidoli, au kisichana: mtazame mtu machoni kwa karibu, utajiona humo, mdogo kama mwanasesere. Wagiriki nao waliita mboni kore, msichana. Pupillus alikuwa yatima aliye chini ya mlezi. Darasa lilikuja baadaye. Mimi nimelelewa na bibi tangu nina miaka 6, kwa hiyo hapo niliiacha tasnifu kwa muda.

Kiswahili nacho kina mtoto wa jicho, lakini huyo ni ukungu. Bibi anao, macho yote mawili. Likizo iliyopita nilimwinamia nijitafute. La kushoto, weupe mtupu. La kulia, kwa mbali, nimo.

“Unatafuta nini humo, mume wangu?” akauliza.