Tulipotafuta Chuo Mjini Bukavu

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotangazwa, vijijini kwetu hupigwa vigelegele, na vijana waliofaulu hupakwa poda nyeupe kichwani mpaka wanafanana na wazee wenye mvi. Siku ya tatu poda imekwisha kuoshwa. Hapo ndipo jamaa wote huketi barazani na kuulizana: Sasa mtoto huyu aende chuo gani?

Mwaka 2022 swali hilo lilinifikia mimi. Dada yangu mkubwa ameolewa kisiwani Idjwi, katikati ya ziwa Kivu. Mwanawe wa pili alikuwa amepata diploma ya Serikali katika sehemu ya biolojia na kemia, kwa alama 61. Shemeji yangu ni mkulima wa kahawa. Alikuwa na ng'ombe wawili, akauza mmoja, akaniletea habari kwa kinywa cha mvuvi: «Mwalimu, wewe umezijua shule. Mpeleke mpwa wako Bukavu, umwandikishe udaktari.» Hakuniomba shauri. Aliagiza tu, kama mtu anavyoagiza chumvi sokoni.

Basi nikaenda kumchukua kijana. Tulipanda mashua ya mbao kabla ya mapambazuko, tukabanana katikati ya mananasi, magunia ya makaa na kuku waliofungwa miguu. Kushoto vilima vya Rwanda vilikuwa vingali vyeusi; kuliani, juu ya nchi ya Kabare, mlima Kahuzi ulikuwa umejifunika mawingu. Tulikutana na wavuvi wa sambaza waliokuwa wakirudi, mitumbwi yao mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zao zimekwisha kuzimwa. Mpwa wangu, ambaye kwa desturi hasemi mpaka aulizwe, akanieleza kwamba samaki hao si wa asili ya ziwa letu: waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Akaendelea kunieleza wanakula nini na kwa sababu gani hufuata taa. Nilimsikiliza, nikastaajabu. Tangu tulipoondoka nyumbani, hakuwa amenena hata neno moja juu ya udaktari.

Jua lilipopanda tuliuona mji. Kila aliyefika Bukavu kwa njia ya maji anajua jinsi unavyopendeza: rasi zake tano zimeingia ziwani kama vidole vya mkono unaonawa. Lakini ukishuka Beach Muhanzi, ukakanyaga tope na kusukumwa na wachukuzi, unafahamu upesi kwamba vidole hivyo ni vya mtu wa kazi. Nyumba zimepanda vilima mpaka juu, moja begani mwa nyingine, na mvua kubwa ikinyesha, nyingine huteremka pamoja na udongo wake.

Nisimulie kwanza jambo moja la zamani, kwa maana wazee wetu wengi hukumbuka nyakati ambazo kuchagua hakukuwapo. Lovanium ilifunguliwa huko Léopoldville mwaka 1954, na Chuo Kikuu cha Élisabethville mwaka 1956. Kijana wa Kivu aliyetaka masomo ya juu alivuka nchi nzima, tena walikuwa wachache wa kuhesabika. Mwaka 1971 Serikali ikaviunganisha vyuo vyote kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Taifa, na muungano huo ukavunjwa mwaka 1981. Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu kilianzishwa mwaka 1989. Mwaka huo huo Butembo nako kikapatikana Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kwa juhudi ya Askofu Kataliko. Leo katika mji wa Bukavu peke yake, mtu akitoka Nyawera mpaka Panzi atasoma vibao vya vyuo hata achoke. Vingine vina kibali cha Serikali; vingine, yafaa kuuliza mara mbili kabla ya kutoa fedha.

Tulifikia Kadutu, nyumbani kwa shangazi yangu, mama mwema sana. Chumba tulicholala kilikuwa na watoto sita. Umeme ulikatika saa moja usiku, ukarudi alfajiri, sote tukiwa tumesinzia. Nilijiuliza: Mpwa wangu atasoma saa ngapi humu? Maana shemeji alikuwa amekwisha kuamua kwamba kijana atakaa kwa shangazi, ili asilipe chumba. Sisi Waafrika tunajivunia kwamba ndugu hakosi mahali pa kulala. Ni kweli, nasi tushukuru. Lakini mahali pa kulala si lazima pawe mahali pa kusomea, na mwanafunzi anayeoshea watoto vyombo mpaka saa nne za usiku hawezi kumwambia mwenye nyumba kwamba kesho ana mtihani.

Asubuhi tulipita Nyawera, tukasimama kidogo mahali alipouawa Askofu Mkuu Munzihirwa tarehe 29 Oktoba 1996. Kisha tukaenda chuo kinachofundisha walimu wa shule za sekondari, kile kiitwacho ISP. Nilitaka aone mahali ambapo watu huenda bila makelele ya sifa. Mpwa wangu aliangalia, akasalimu, akaandika karo katika daftari lake. Moyo wake haukuwa pale, nami sikumlazimisha. Ualimu hauwafai wale wanaokwenda kwa sababu mlango mwingine umefungwa.

Siku ya pili tulivuka mzunguko wa Essence, tukashuka Panzi. Msomaji asishangae kuniona, mimi niliyelelewa na Mapadri, nikimpeleka kijana kwenye Chuo Kikuu cha Kiprotestanti. Shemeji alitaka udaktari, na hapo Panzi kuna hospitali aliyoianzisha Daktari Mukwege mwaka 1999, yule aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Ilikuwa haki kuona yote kabla ya kuhukumu. Tena sikwenda kwanza ofisini. Ofisini utapewa karatasi nzuri yenye picha. Nilinunua mandazi, tukaketi ukutani pamoja na vijana watatu waliokuwa wakisoma juu ya mifupa ya mwanadamu, nikawauliza maswali ya mtu mjinga: Mnalala wapi? Mnatembea kwa saa ngapi? Mlikuwa wangapi mwaka wa kwanza, na mmebaki wangapi? Sillabusi zinauzwa kiasi gani mbali na minervali? Mtu akiwa mgonjwa nani anamwandikia masomo?

Walijibu bila kuficha. Mmoja alisema miaka ni mingi kuliko ya masomo mengine yote, na baada ya vitabu kuna zamu za usiku hospitalini. Alikuwa akicheka anaposema hivyo, kama mtu anayesimulia mzigo anaoupenda. Nilimtazama mpwa wangu. Alikuwa anatazama miguu yake. Mtu anayeulizwa kama anampenda mchumba akatazama miguu yake, amekwisha kujibu.

Jioni, tukirudi kwa miguu, nilimuuliza: «Mwanangu, unaogopa?»

«Hapana, mjomba. Lakini yule alipokuwa akizungumza habari ya zamu, alifurahi. Mimi nilijiona ninalipa deni la ng'ombe wa baba.»

Sikupata usingizi usiku ule, na si kwa sababu ya watoto. Nilikumbuka mambo yangu.

Nilipotoka seminari baada ya filosofia, baba yangu mdogo alikusanya fedha za jamaa wote, akanipeleka chuo kikuu chenye jina kubwa, mbali sana upande wa magharibi, nikasome sheria. Sikukijua chuo kile ila kwa sifa. Tulikuwa mamia katika ukumbi mmoja. Aliyechelewa alisikiliza dirishani. Watu wa mji ule walisema Kilingala, mimi nilikuwa nacho maneno ishirini. Chumbani tulikuwa wanane kwa vitanda vitatu. Sikuwa na rafiki wa kuniambia kwamba saa ya mtihani imebadilishwa, na kweli mtihani mmoja ulinipita nikiwa nimekaa chumbani. Nilianguka mwaka wa kwanza, nikarudia, nikaanguka tena. Nyumbani nilisema kwamba walimu walitaka rushwa. Huo ulikuwa uongo. Nilianguka kwa sababu nilikuwa mpweke, na kwa sababu masomo yale sikuyachagua mimi. Hata na mwenye bidii kuliko mimi angechoka. Baadaye nilisomea ualimu karibu na kwetu, nikafaulu kila mwaka. Akili ilikuwa ile ile.

Siku ya tatu tulishika barabara ya Kavumu, tukafika Kalambo, katika nchi ya Kabare, ambako Chuo Kikuu Katoliki kina eneo kubwa nje ya mji. Hapo upepo ni baridi, na mtu anasikia ndege. Jirani pana kituo cha utafiti wa kilimo, na katika mkoa huo huo wa Kabare kuna Mulungu na Lwiro, mahali ambapo wataalamu wamechunguza udongo, mimea na wanyama wa Kivu tangu kabla ya Uhuru. Tulikuta mwalimu mmoja akiwaonyesha wanafunzi wachache mgomba uliougua. Aliukata, ndani yakatoka maji mazito ya rangi ya manjano.

Mpwa wangu aliingia katikati ya wanafunzi wale kama aliyeitwa kwa jina. Lazima nieleze sababu. Mnyauko wa migomba ulionekana nchini mwetu mwaka 2001, upande wa Masisi, ukaenea Kivu yote, nao haukuliacha shamba la shemeji yangu. Mtoto yule alikua akitazama ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza, na mama yake akinunua chakula alichokuwa akikiuza zamani. Alimuuliza mwalimu: ugonjwa unaingia kwa njia gani? Akajibiwa kwamba wadudu huubeba kutoka ua la kiume la mgomba hata ua la mwingine, na panga la mkulima huubeba kutoka shina hata shina. Akauliza tena, kwa Kifaransa chake cha kusitasita, na hakuna aliyemcheka. Walikuwa wachache, na mwalimu alimngojea amalize sentensi yake. Hilo nililiandika katika daftari langu kabla ya karo.

Kisha nikawatafuta wanafunzi wa Idjwi. Walikuwapo wanne, wamepanga nyumba ndogo pamoja, wanapika kwa zamu: ugali, maharagwe, na sambaza wanaotumiwa na mama zao. Walikuwa na taa ya jua. Walimwambia mpwa wangu kwamba kitanda cha tano kinaweza kuingia ikiwa meza itasogezwa.

Ilibaki kazi ngumu. Tuliporudi kisiwani, shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama.

«Mwalimu, nimeuza ng'ombe ili mtoto wangu arudi kuwa mkulima? Jembe ninalo hapa nyumbani, halilipiwi karo!»

Dada yangu alinyamaza. Mimi nilikuwa nimetayarisha maneno mengi: kwamba utaratibu mpya wa masomo, ulioanza nchini mwaka 2021, unampa mwanafunzi licence kwa miaka 3, kwamba ng'ombe mmoja hatoshi kwa miaka yote ya udaktari, na wa pili akiuzwa, wadogo wake watasoma kwa nini? Niliyasema, hayakumgusa. Ndipo nikamwambia habari ya miaka yangu miwili iliyopotea. Nikamwambia kwamba hapakuwa na rushwa, na kwamba fedha za jamaa, na zake zikiwamo, nilizipoteza kwa kwenda mahali nisipopajua na kunyamaza nilipokuwa ninazama. Nilikuwa sijamwambia mtu kwa muda wa miaka kumi na zaidi.

Shemeji aliketi tena. Hakusema amekubali. Alisema: «Mpeni mwalimu chakula.» Baada ya juma moja fedha za karo ya kwanza zilinifikia, pamoja na gunia la maharagwe la wale vijana wanne.

Njia haikuwa nyororo. Kijana alirudia mtihani wa hesabu, na mwezi wa 2 mwaka 2025, vita vilipoingia Bukavu, walikaa siku kadhaa ndani ya nyumba yao ndogo, wakagawana unga kwa kikombe, kisha wakapata mashua ya kurudi kisiwani, wote watano pamoja. Angalikuwa peke yake katika chumba cha mji asioujua, sijui ningalimtafuta wapi.

Juzi nimemtembelea dada yangu. Mlangoni mwa shamba la migomba niliona fimbo ndefu yenye panda, ya kuvunjia maua ya kiume ili yasiguswe na panga, na kando yake moto mdogo unaowaka. Nilitaka kupita na panga langu, nikate ndizi ya jioni.

Shemeji akanishika mkono. «Ngoja, mwalimu. Kwanza panga motoni. Mtoto amekataza.»