Figo Moja Mbele ya Benki

Kabla sijaruhusiwa kumpa mdogo wangu figo, nilipimwa kuliko nilivyowahi kupimwa maishani: damu, mkojo, moyo, picha za figo zote mbili na mishipa yake. Wakanikalisha peke yangu, wakaniuliza kama kuna aliyenilazimisha au kuniahidi pesa. Mwenye sukari hurudishwa nyumbani. Hayo yalikuwa Kigali, hospitali ya King Faisal, ambako upandikizaji ulianza 2023. Zamani watu wetu walichangishana nauli ya India.

Nilipona. Nikarudi Gisenyi kwenye vitunguu na karoti zangu, kuvusha mzigo mpakani, Petite Barrière, kwenda Goma. Wa kuangaliwa alikuwa mdogo wangu na dawa zake za kila siku. Mimi hata kovu nililisahau.

Kisha nikaomba mkopo wa kujenga stoo. Mkopo wa namna ile haupiti bila bima ya maisha, ili ukifa deni lisimwangukie mtu. Fomu ikauliza: umewahi kupasuliwa? Nikaandika ukweli. Wakataka vipimo, na kreatinini, namba ya damu inayoonyesha kazi ya figo, ikaonekana imepanda kidogo. Kwa aliyetoa figo ni kawaida: iliyobaki hukua na kuongeza kazi, ila haifikii kazi ya mbili. Mtu wa bima asiyejua habari hiyo akiisoma namba ile, anaona ugonjwa sugu wa figo. Jibu likaja: nilipe zaidi, na nikifa kwa sababu ya figo, wao hawamo.

Niliumia. Wangemwogopa mdogo wangu ningeelewa. Mimi madaktari walinichagua kwa uzima wangu, leo uzima uleule umeandikwa maradhi! Mutuelle, bima yetu ya afya ya jamii, haijawahi kuniuliza nina figo ngapi. Inaandika kaya nzima, mzima na mgonjwa.

Daktari wangu wa figo aliandika barua ya ukurasa mmoja: huyu alitoa figo, si mgonjwa, namba zake ndizo zinazotarajiwa. Afisa mikopo, Mungu ambariki, alihakikisha imefika kwa daktari wa kampuni, isiishie kwa karani. Nyongeza ikafutwa. Mstari wa kutolipa nikifa kwa figo wakaubakiza. Nikatia sahihi, maana msimu wa vitunguu haungoji.

Nimesikia Marekani majimbo kadhaa yamezikataza kampuni za bima kumbagua mtu kwa sababu tu alitoa kiungo, na mswada wa nchi nzima uliingia Bungeni 2014, ukarudishwa tena na tena. Kwetu Rwanda jambo hili litakuwa kubwa. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kuwa mutuelle itagharamia hata kupandikiza figo, kwa hiyo watakaotoa watakuwa wakulima na wachuuzi, watu wa mikopo midogo.

Jirani yangu anajiandaa kumpa dada yake. Nimemwambia aombe barua ya daktari kabla ya kutoka wodini, na kama ana mkopo anaoutaka, auchukue kwanza.