Gari Lisilolala

Mafundi wetu wana jina moja tu la kile chuma: stabilaiza. Ukitaka kukieleza kwa Kiswahili cha darasani utasema ni fito ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi isiegemee upande mmoja gari linapokata kona. Ukimaliza sentensi hiyo, fundi ameshafungua nati mbili.

Mimi hupenda jinsi kinavyofanya kazi. Magurudumu mawili yakipanda pamoja, tuseme kwenye tuta, chuma kinazunguka tu ndani ya bushi zake na hakina neno. Moja likipanda na mwenzake likashuka, ndipo kinasokotwa, na kwa kuwa hakitaki kusokotwa kinaivuta bodi irudi sawa. Hakina waya wala mafuta. Na unene wake una hesabu ya kushangaza: ugumu hupanda kwa kipeo cha nne. Pale Gerezani, Dar es Salaam, muuzaji alinitolea viwili vilivyotumika, kimoja cha milimita 20, kingine cha 22. Kwa macho ni ndugu pacha. Kwenye kona, cha 22 ni kigumu karibu mara moja na nusu ya mwenzake. Nikachukua cha 22.

Gari lenyewe ni Toyota RunX, ila ile Z. Kwa nje huwezi kuitofautisha na RunX ya mwalimu mkuu. Ndani kuna injini ya 2ZZ-GE, cc 1,800, ambayo Toyota waliiunda pamoja na Yamaha, nguvu farasi 190. Chini ya mizunguko 6,000 ni gari la kwenda sokoni. Ukipita hapo kidogo sauti inageuka, na wewe mwenyewe unageuka. Tatizo ni lile la magari yote madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele: uzito wote uko puani, hivyo ukiingia kona kwa kasi pua inakataa kugeuka, inataka kwenda moja kwa moja porini. Kukaza nyuma ni dawa ya siku nyingi. Nyuma ikibeba sehemu kubwa zaidi ya mzigo wa kona, matairi ya mbele yanapata nafuu na pua inafuata usukani. Wanaokumbuka picha za Golf GTI za mwanzo zikikata kona huku gurudumu moja la nyuma likiwa hewani wanajua nasema nini.

Nilikifungia Kibiti, Juni 2021, kwa sababu nilikuwa huko kikazi na kwa sababu fundi ninayemwamini yuko huko. Gereji yake ni kivuli cha mkorosho. Tulipofika alimwamkia baba yangu kabla ya kuliangalia gari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyu binti yangu anataka gari lisilale."

"Kwenye kona, mzee."

"Ndiyo, kwenye kona. Kitandani halilali siku nyingi."

Baba aliendesha malori ya kusini zaidi ya miaka ishirini. Ni wale waliosubiri pantoni pale Ndundu, masika baada ya masika, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003 na Rufiji ikawa mto wa kuvuka huku unakula mahindi. Wakati huo barabara ikikatika ilikatika kweli, unapika, unalala chini ya lori, unajua majina ya watoto wa mama ntilie. Siku hizi ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na leseni yake iko kwenye bahasha kabatini kwa mama. Alikaa juu ya ndoo ya rangi akisikiliza kazi.

Kazi yenyewe si kubwa. RunX nyuma ina boriti moja inayoshika magurudumu yote mawili, na boriti hiyo tayari inajisokota kidogo, yaani ni stabilaiza ya kiwandani kwa namna yake. Kile cha ziada kinafungwa kwenye mikono miwili ya boriti kwa bolti nne. Kilichomchelewesha fundi ni majirani: bomba la moshi, waya za breki ya mkono, mipira ya breki. Alipitisha kidole kila mahali. Kidole kikipita, alisema, chuma nacho kitapata pa kupumulia. Upande wa kulia kidole hakikupita, akasogeza kibanio cha waya. Kisha akateremsha gari likasimama kwa uzito wake ndipo akakaza mara ya mwisho, akachora mstari wa rangi nyeupe juu ya kila nati. Mstari ukivunjika, nati imezunguka. Kwa mtu anayeishi kwa kuhariri, nilimwonea wivu kwa ile alama.

Nikampakia baba tukaelekea upande wa Ikwiriri. Kuna kona ninayoijua. Niliingia kwa mwendo wangu wa siku zote, gari likageuka kama limeshikwa mkono. Halikulala. Baba, ambaye alikuwa ameshika mpini wa dirishani kwa mazoea, hakuwa na cha kushikia. Akakaa kimya mpaka niliposimamisha.

"Gari likilala linakuongelesha," akasema. "Linakwambia, mwanangu, sasa basi. Wewe umelinyamazisha."

Nimelifikiria jambo hilo kuliko vitabu vingi nilivyowahi kuvihakiki. Ana haki, na si yote. Chuma hakifuti mpaka wa gari. Mpaka uko kwenye matairi. Kinachopungua ni yale maneno ya kabla ya mpaka, ule mwegemo wa pole pole ambao dereva wa lori lenye shehena ya korosho anausikia kiunoni na kuutii. Gari langu sasa linasema kwa kuchelewa na kwa kifupi. Siku ya mvua litaanza kuteleza nyuma, si mbele, na hapo ukiachia mafuta ghafla kwa woga, umejimaliza. Kwa hiyo nimepata kona na nimepoteza indhari.

"Halafu," baba akaongeza, "unakimbia nini?"

Swali hilo Kibiti si la utani. Kati ya 2015 na 2017 watu waliuawa huku mmoja baada ya mwingine, viongozi wa vijiji, polisi, na watu wakaacha kukaa nje jioni. Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiishi hapa na kuliandikia Mwananchi habari hizo, alitoweka 21 Novemba 2017. Hajaonekana mpaka leo. Wageni wanaokwenda delta huuliza habari za Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha kwenye mikoko hii mpaka ikazamishwa Julai 1915. Habari za 2017 hazina wageni wengi. Mama hulala nikishapiga simu kusema nimevuka Mkuranga.

Nilimjibu baba kwamba sikimbii kitu, napenda kona tu. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba mimi hupenda kujua gari litafanya nini nikilitaka lifanye, hata kama sitalitaka.

Hakunijibu. Aliuliza kesho naenda wapi. Nyamisati, nikasema, kuonana na wavuvi wa kamba. Wakati huo njia ya kutoka Bungu kwenda huko ilikuwa ya udongo, mashimo upande huu, mifereji upande ule.

"Basi kitoe."

Na hapo hakuwa na robo ya kosa. Kwenye njia kama ile, gurudumu la kushoto likiingia shimoni chuma kinampelekea wa kulia pigo lisilomhusu, na gurudumu linaloning'inia halishiki ardhi. Alfajiri nilikitoa mwenyewe uani. Baba alishika tochi, akaielekeza pembeni kidogo ya kila bolti, nami sikumwambia. Dakika ishirini. Nikakifunga kwa kanga kuukuu ya mama, nikakitia kwenye buti.

Aliomba twende wote. Baada ya Bungu gari likaanza kulala kila upande kama mtumbwi, na nyuma yetu chuma kikawa kinagonga, ngo, ngo, kila shimo.

"Enhe," akasema baba, amefumba macho. "Sasa kinaongea."