Mama Aliyesema Ana Mawazo

Mwaka 1972 nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali moja ya Pwani ya Kenya. Asubuhi moja aliingia mama wa makamo, kajitanda leso, akakaa kwenye benchi bila kuegemea. Mumewe alikuwa amezama baharini wakati wa kusi. "Mwanangu, nina mawazo," aliniambia. "Silali. Chakula hakishuki. Kichwa kizito kana kwamba nimetwikwa mtungi."

Nilimweleza mkufunzi wetu kuwa huenda ni ugonjwa wa huzuni. Akakataa. Mwafrika, alisema, haugui hivyo; hayo ni maradhi ya watu waliozoea kujibebea dhamana zao. Niandike maumivu ya kichwa, nimpe aspirini. Nikaandika. Hakurudi tena.

Maneno yale hakuyatunga yeye. Miaka michache baadaye niliyakuta maktabani, katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Mwandishi wake, J. C. Carothers, aliongoza Hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950. Alilinganisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo! Na alipodai kwamba sonona, ugonjwa huo wa huzuni, ni adimu kwetu, alitegemea hesabu ya waliolazwa Mathari. Nani alipelekwa Mathari zama hizo? Aliyevunja vitu, aliyepiga watu, aliyeshikwa na polisi. Aliyelala akiutazama ukuta alibaki kwao, na kimya chake hakikuhesabiwa. Nilikifunga kitabu mikono ikitetemeka.

Kumbe Mnigeria Thomas Adeoye Lambo na wenzake kutoka Marekani walikuwa wamekwenda vijijini kwa Wayoruba, wakawahoji watu huko huko wanakoishi, wakaikuta huzuni ile ile. Matokeo yalitoka 1963, miaka tisa kabla ya mama yule kukaa kwenye benchi letu. Baadaye Lambo akawa naibu mkurugenzi mkuu wa shirika lile lile lililochapa kitabu.

Kinachoniuma hadi leo ni lugha. Ugonjwa huo tunalo jina lake, nalo ni mawazo. Kitabu kilidai hatuna fikira nzito za kutuuguza; mgonjwa aliniambia kwa neno moja kwamba fikira ndizo zinazommaliza. Nami, niliyelelewa na neno hilo, nililiacha nje ya faili.

Nilipopewa zahanati yangu, kila aliyekuja na kichwa kisichopona nilimuuliza kwanza, "Una mawazo?" Wengi walilia kabla ya kujibu. Nikaliandika neno hilo kwa Kiswahili, kwenye mstari wa ugonjwa.