Reli Iliyokuja na Karanga

Kwetu Nachingwea reli inatajwa kama ndugu aliyehama. Mzee akikuelekeza njia anakwambia, "Pita pale reli ilipopita," nawe ukitazama huoni chuma. Sisi vijana treni hatukuikuta. Tulikuta habari yake.

Habari yenyewe ni hii. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Ukabuniwa mpango wa kulima karanga Tanganyika kwa matrekta. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Urambo na Nachingwea zikafuata. Sasa, karanga za kusini zingefikaje baharini? Ndipo ikajengwa reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Na Reli ya Kati haikuungana hata kidogo. Yaani ilijengwa kwa mzigo mmoja, na mzigo wenyewe ulikuwa bado haujaota!

Haukuota vya kutosha. Visiki vilivunja mashine, mvua zikakosekana, na Januari 1951 Uingereza ikaachana na mpango, zaidi ya paundi milioni 35 zikiwa zimeteketea. Treni ikabaki bila mzigo wa kuilisha. Mwaka 1962 ikafungwa, vyuma vikang'olewa.

Marehemu babu alibeba mataruma ya reli hiyo kwa mabega yake. Nilipomwuliza kama iliwafaa, alijibu, "Mjukuu wangu, ilitufaa ilipopita. Hakuna aliyetuuliza ilipoondoka." Baada ya hapo wakarudi kwenye malori na matope. Shangazi yangu alikwama njiani masika moja, mimba ya miezi tisa, lori limezama hadi ekseli. Alijifungulia chini ya mwembe. Mtoto yu hai, sasa ni fundi baiskeli, lakini shangazi akisikia neno "barabara" hunyamaza.

Binamu yangu wa Ruangwa hanielewi. Huko kwao reli ya karanga haikufika, na sasa kuna madini ya kinywe. Tangu treni ya umeme ianze safari za Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, yeye hana habari nyingine. "Ikija kwetu tumetoka, kaka!"

Mimi nami naitaka, tena sana. Ila namwuliza: inakuja kubeba kinywe tu, au na mama mjamzito, na gunia la ufuta la jirani, na mwanafunzi anayerudi likizo? Maana kinywe nacho kina mwisho wake ardhini. Treni yenye mzigo mmoja huondoka na mzigo huo.

Basi vijana wenzangu wa Nachingwea na Ruangwa, siku wapimaji watakapokuja na kamba zao, tuwe tumekwisha kukaa kikao. Tuulize stesheni zitakuwa wapi, na nauli itakuwa kiasi gani. Binamu anasema mimi mbishi. Haya, na anibishie huko kikaoni.