Akiba ya Ungo wa Parkes

Msafiri atokaye Sydney, nchini Australia, akashika njia ya magharibi, huvuka milima kisha akaingia katika nyanda za ngano na kondoo. Baada ya safari ya zaidi ya kilometa 350 hufika Parkes, mji mdogo wa wakulima. Kaskazini ya mji huo, katikati ya mashamba, umesimama ungo wa chuma wenye upana wa meta 64, uso wake umeelekea mbinguni. Hiyo ndiyo darubini ya redio iliyofunguliwa mwaka 1961.

Darubini hii haioni, bali husikia. Hupokea mawimbi ya redio yatokayo kwenye nyota, nayo ni manyonge mno, hata simu ya mkononi ni kelele kubwa kwake. Mwaka 1997 ilifungiwa kipokezi chenye masikio 13, ikaweza kusikiliza sehemu 13 za anga kwa mara moja. Wataalamu wakaanza kulipima anga kipande kwa kipande, kama mkulima apaliliaye tuta baada ya tuta bila kuruka hata moja. Kazi hiyo ilifichua pulsa zaidi ya 800, yaani masalio ya nyota zilizokufa, yazungukayo upesi na kutoa mapigo kama taa ya mnara wa pwani.

Ndugu msomaji atauliza: ya nini kusikiliza hata pale pasipotarajiwa kitu? Jibu limo katika kumbukumbu za Parkes zenyewe. Mwaka 2001 ungo ule ulinasa mshindo mmoja usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Hakuna aliyeutambua. Kumbukumbu ziliwekwa, na mwaka 2007 Duncan Lorimer na wenzake, walipozipekua upya, wakaukuta. Mawimbi ya masafa ya chini yalikuwa yamechelewa nyuma ya yale ya juu, dalili kwamba yalisafiri kutoka mbali mno, nje ya kundi letu la nyota.

Wengi walitia shaka, na shaka ilizidi mwaka 2010 ilipotangazwa kwamba Parkes ilikuwa imenasa mishindo mingine ya kufanana na ule, lakini yenye asili ya hapa hapa duniani. Mwaka 2015 Emily Petroff na wenzake walimkamata mkosaji: jiko la maikrowevu la kituoni, lililofunguliwa mlango kabla halijamaliza kupasha chakula! Hata hivyo mshindo wa 2001 haukuanguka pamoja na jiko. Kelele za jikoni ziliingia katika masikio yote 13, hali mshindo ule ulisikika katika machache tu. Tena mwaka 2013 upimaji mwingine wa Parkes ulikuwa umekwisha kutoa minne mingine.

Leo mishindo hiyo ni mizani. Kuchelewa kwa mawimbi huonyesha wingi wa vitu yalivyopitia njiani, na mwaka 2020 wataalamu nchini Australia waliitumia kupata maada ya kawaida iliyokuwa imekosekana katika hesabu za ulimwengu kwa miaka mingi.

Laiti kumbukumbu za 2001 zingalitupwa kwa kuwa hazikuonyesha kitu, mlango huo ungalichelewa kufunguka. Wazee wetu walikwisha kusema: akiba haiozi.